Ukifika Ufini, Vua Viatu

Sogeeni, wanangu, leo safari yetu ni ndefu. Tukitoka Afrika Mashariki tunashika njia ya kaskazini: tunaipita Sudan, tunaipita Misri, tunavuka bahari ya Mediterania, tunaikata Ulaya nzima, na bado tunaendelea mpaka kule juu ya ramani ambako Norwei, Uswidi na Ufini zinapakana. Ya mashariki kati ya hizo tatu, ile yenye mpaka mrefu na Urusi, ndiyo tunayoiendea. Mji mkuu ni Helsinki, pesa ni yuro, bendera ni nyeupe yenye msalaba wa buluu. Kwa ukubwa nchi hiyo inazidi kidogo theluthi ya Tanzania, lakini watu wake ni milioni 5.6 tu, idadi isiyopishana sana na ya mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Nafasi inayobaki imejaa miti na maji. Misitu imefunika karibu robo tatu ya ardhi, na maziwa, makubwa kwa madogo, yamehesabiwa yakafika takriban 188,000.

Hesabu hizo zitawafaa mtakapokutana na watu wenyewe. Tuseme ni Januari, saa mbili asubuhi, nawe umesimama kwenye kituo cha basi Helsinki. Bado giza. Watu sita wanasubiri basi, na kati ya mmoja na mwenzake pana hatua mbili tatu. Hakuna anayesema neno. Nyumbani umefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu huamkia wakubwa, kwa hiyo unamgeukia mama mmoja umpe shikamoo yako, naye anatazama theluji. Basi likija watu wanaingia, kila mmoja anatafuta kiti ambacho pembeni yake hapana mtu. Utadhani wamegombana wote. Utadhani hawakutaki.

Hawajagombana, na hakuna anayekuchukia. Kwetu ukimpita mzee bila kumwamkia umemdharau. Kwao mtu asiyekujua ukimwacha na mawazo yake umemheshimu, naye anakurudishia heshima hiyo hiyo kwa kukuacha na yako. Katika yote nitakayowasimulia leo, naomba mlishike hili: sehemu kubwa ya adabu za Ufini ni kumwachia mwenzako nafasi. Nafasi ya kusimama, nafasi ya kunyamaza, nafasi ya kumaliza sentensi yake. Msafiri asiyelijua hilo hurudi nyumbani akisema Wafini ni watu baridi, na hapo huwa amewaonea.

Salamu zipo, ila ni fupi. Ukipanda basi mwambie dereva "moi", yatosha. Ukipewa kitu sema "kiitos", ukimkanyaga mtu sema "anteeksi". Mkitambulishwa, mkono unapewa mara moja, kwa nguvu kiasi, huku mkitazamana machoni. Hapo panawatatiza watoto wengi wa kwetu, maana tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Huko ukiinamisha macho, mtu anaweza kudhani unaficha jambo. Majina nayo ni mepesi: watu wengi huitana kwa jina la kwanza, hata mwanafunzi humwita mwalimu wake hivyo hivyo, na mwalimu haoni kwamba amevunjiwa heshima. Na ukimwuliza Mfini hali yake, usishangae akisita kwanza. Anatafuta jibu la kweli akupe.

Katika mazungumzo, mmoja akisema mwingine ananyamaza mpaka amalize, na akishamaliza kimya kinaweza kuendelea kidogo. Usikimbilie kukijaza. Anayenyamaza anapima aliyoyasikia. Alikuwapo Mfini mmoja, Martti Ahtisaari, ambaye alikuwa balozi wa nchi yake Tanzania tangu 1973 hadi 1977, akiishi Dar es Salaam. Baadaye Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuisimamia Namibia katika njia yake ya kuelekea uhuru, uliopatikana 1990. Akawa rais wa Ufini, na mwaka 2005 akawapatanisha serikali ya Indonesia na wapiganaji wa Aceh. Mwaka 2008 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani kwa juhudi zake za miaka mingi. Kazi ya msuluhishi ni kusikiliza pande mbili zinazochukiana bila kumkata mtu kauli, na mimi naamini malezi ya nchi yake yalimfaa sana katika kazi hiyo.

Sasa tuzungumze kuhusu jua, maana huko jua lina mambo. Saa zetu za Kiswahili tunaanza kuzihesabu asubuhi jua linapochomoza, na hesabu hiyo haitusumbui kwa sababu tunaishi karibu na ikweta, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Helsinki mwezi wa Desemba jua hutoka kama saa tatu na nusu asubuhi, na kama saa tisa na robo alasiri huzama. Juni hutoka alfajiri karibu saa kumi na kuzama karibu saa tano usiku. Nendeni mbali zaidi, mpaka Utsjoki, wilaya ya kaskazini kuliko zote: hapo tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na tangu katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai halizami. Babu zetu wangeishi Utsjoki, saa moja asubuhi wangeianzia wapi?

Lakini giza hilo si la kutisha kama mnavyolifikiria. Adhuhuri anga huwa na rangi ya samawati iliyokolea, na theluji inaurudisha mwanga mdogo uliopo. Usiku usipokuwa na mawingu, huko kaskazini mbingu huwaka mapazia ya kijani yanayopepea kimya kimya. Wanasayansi wanasema ni chembechembe zitokazo kwenye jua zikigongana na hewa iliyo juu sana. Wazee wa Ufini walikuwa na maelezo yao: mbweha anakimbia juu ya milima, mkia wake unapiga theluji, cheche zinaruka mbinguni. Mimi nayapenda yote mawili, na sioni sababu ya kuchagua moja.

Kwa kuwa kuna giza, watoto wa Ufini hutembea na kidude cha plastiki kinachoning'inia kwenye koti, chenye umbo la nyota, au dubu, au moyo. Ni riflekta. Ukipita pembeni mwa barabara na taa za gari zikakimulika, kinang'aa, na dereva anakuona kabla hajakufikia. Sheria ya barabarani inawataka waenda kwa miguu wavivae gizani, wakubwa kwa wadogo. Mkienda wakati wa baridi, hicho kiwe kitu cha kwanza kununua, hata kabla ya glavu. Baridi yenyewe hukabiliwa kwa nguo nyingi zilizopandana kuliko koti moja zito. Kipimo cha chini kabisa kilichowahi kuandikwa nchini humo ni nyuzi 51.5 chini ya sifuri, kule Pokka, Kittilä, Januari 1999. Pamoja na hayo, watoto wachanga hulazwa nje mchana ndani ya vigari vyao, wamefunikwa vizuri, wakiota. Wazazi wanasema wanalala vizuri zaidi huko.

Wakati ni aina nyingine ya nafasi ya mtu. Ukiambiwa njoo saa nane, fika saa nane. Ukiwahi sana unawakuta hawajajiandaa, ukichelewa umekula muda wao. Ukiona utachelewa hata dakika kumi, piga simu. Waafrika Mashariki wana bahati moja: majira ya joto saa ya Helsinki inalingana kabisa na ya Nairobi na Dar es Salaam, na wakati wa baridi inabaki nyuma kwa saa moja tu. Wafini walikuwa na mkimbiaji, Paavo Nurmi, aliyepata medali 9 za dhahabu za Olimpiki kati ya 1920 na 1928, ambaye alikimbia akiwa ameshika saa mkononi ili apime mwendo wake mwenyewe. Na hapa Wakenya wasikilize vizuri. Mbio za wanaume za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ambazo tunaziona kama mali yetu, zilikuwa mali ya Wafini kwanza: walizishinda Olimpiki nne mfululizo, 1924, 1928, 1932 na 1936. Kisha mwaka 1968 akaja Mkenya Amos Biwott, na tangu hapo mpaka 2016 kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki, dhahabu hiyo ilikwenda Kenya.

Tukabishe hodi sasa. Mlango unafunguliwa, na kabla ya jambo lolote, viatu. Watoto wa Lamu na Unguja hawatafundishwa hili na mtu. Nje barabara zimemwagiwa kokoto ndogo ili watu wasiteleze kwenye barafu, na kokoto hizo hujibana kwenye soli pamoja na theluji; ukishaingia ndani theluji inayeyuka, na pale mlangoni panabaki kidimbwi cha maji machafu chenye changarawe. Ndiyo maana kuna mkeka na rafu hapo hapo. Viatu vinabaki, mnaingia na soksi. Kagueni soksi zenu kabla ya kutoka nyumbani.

Mtaketishwa, na kahawa itakuja. Wafini ni miongoni mwa watu wanaokunywa kahawa nyingi kuliko wote duniani, na mapumziko ya kahawa yameandikwa hata katika mikataba ya kazi. Nyinyi watoto mtapewa maziwa au sharubati ya matunda ya msituni, lakini kitakacholetwa pamoja na kahawa ndicho ninachotaka mkinuse. Kinaitwa pulla, ni mkate mtamu uliosokotwa kama msuko wa nywele na kunyunyiziwa sukari. Ukiumega harufu inayotoka ni iliki. Ndiyo, iliki ile ile ya mahamri. Nchi isiyoweza kuotesha hata punje moja ya iliki imeifanya kuwa harufu ya nyumbani, na mtoto wa Mombasa akila pulla mara ya kwanza hahitaji kuzoeshwa. Mkate wao mweusi, ulio mzito na mchachu, utahitaji siku kadhaa. Peremende nyeusi yenye chumvi iitwayo salmiakki, sijui niwaambie nini. Ionjeni, na mkishindwa kuimeza, itemeni kwenye karatasi bila kukunja uso mbele ya aliyewapa.

Baada ya kahawa huenda mwenyeji akasema jambo ambalo kwake ni heshima kubwa: sauna iko tayari. Hapa nitakaa kidogo, maana asiyeijua sauna bado hajaijua Ufini. Katika nchi ya watu milioni 5.6 kuna sauna zipatazo milioni 3. Ziko kwenye nyumba, kwenye majengo ya ghorofa, kando ya maziwa, na hata kwenye jengo la bunge. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Zamani chumba cha sauna kilikuwa mahali safi kuliko pote kwenye boma, pana joto na maji ya moto, kwa hiyo kina mama walijifungulia humo, na mtu akifa maiti yake ilioshwa humo. Ndiyo maana watu hawapigi kelele wala hawagombani ndani ya sauna.

Ni chumba kidogo cha mbao. Pembeni kuna jiko lililojazwa mawe juu yake, na mbele ya ukuta kuna mabenchi yaliyopangwa kama ngazi. Unaanza kwa kuoga. Unachukua kitaulo chako, unakitandika kwenye benchi, unakaa. Joto la hewa hufika nyuzi 80 na zaidi, lakini ni kavu, kwa hiyo mwanzo unaweza kujiona shujaa. Kisha mtu anachota maji kwa kata, anayamwaga juu ya mawe. Mawe yanalia "tssss", halafu kwa sekunde moja au mbili hakuna kitu. Halafu mvuke unafika. Hauonekani, unaanzia masikioni, unashuka mabegani, unakukumbatia mgongo mzima, na pumzi inakuwa nzito puani. Wafini wanauita löyly. Wanangu, msione haya hapo. Ukizidiwa, shuka benchi la chini, kuna nafuu kubwa. Ukizidiwa zaidi toka nje, unywe maji. Hakuna atakayekucheka, kwa kuwa sauna si mashindano. Na kabla ya kumwaga maji wewe, waulize wenzako kama wako tayari.

Majira ya joto watatwaa matawi laini ya mti wenye gome jeupe, wayafunge fungu moja, na kujichapia taratibu mgongoni na miguuni. Damu inachemka na chumba kinanukia majani. Baadaye wanakimbilia ziwani. Wakati wa baridi ziwa limeganda, basi wanakata tundu kwenye barafu na kujitumbukiza humo. Nyinyi mnaweza kutazama tu.

Najua swali lililo midomoni mwenu. Ndiyo, kwa kawaida wanaingia bila nguo, wanaume peke yao na wanawake peke yao, au familia pamoja. Kwao hakuna aibu humo, wala hakuna anayemkodolea macho mwenzake. Lakini kama dini yako au malezi yako hayakuruhusu, mwambie mwenyeji mapema kwamba utajifunga taulo, au kwamba hutaingia. Sema wazi, kwa upole, bila hadithi ndefu. Ataitikia, na mambo yataishia hapo.

Shuleni sitakaa sana. Darasa la kwanza linaanza mtoto akiwa na miaka 7, na tangu 1948 wanafunzi wanapewa chakula cha mchana bure. Watoto wengi huenda shule wenyewe, kwa miguu au baiskeli. Maktaba ni za kila mtu. Ile ya Oodi, iliyofunguliwa Helsinki Desemba 2018 ikitazamana na bunge, ina hata cherehani ambazo mtu anaweza kuzitumia. Sasa historia kidogo: uhuru waliupata kutoka Urusi tarehe 6 Desemba 1917, na kabla ya Warusi walitawaliwa na Uswidi kwa karne nyingi, ndiyo maana Kiswidi hadi leo ni lugha rasmi pamoja na Kifini. Usiku wa sikukuu ya uhuru familia nyingi huwasha mishumaa miwili dirishani. Na wasichana, mjue hili: mwaka 1906 wanawake wa Ufini walipata haki ya kupiga kura na ya kugombea ubunge, na mwaka uliofuata wanawake 19 wakaingia bungeni, kabla ya nchi nyingine yoyote duniani kuwa na wabunge wanawake.

Kaskazini, Lapland, wanaishi Wasami, wenyeji wa asili wa sehemu hizo, wenye lugha zao na nchi yao iliyovuka mipaka ya mataifa manne. Baadhi yao wamefuga poro vizazi na vizazi, mnyama anayefanana kidogo na paa, mwenye manyoya mazito na pembe zenye matawi. Ukimkuta mfugaji usimwulize ana poro wangapi. Ni sawa na kumwuliza mtu ana fedha kiasi gani benki, na watoto wa Kimasai na wa Kisukuma wanaelewa ninachosema. Mavazi yao ya buluu na nyekundu yana maana: kwayo watu hutambua ukoo na mahali mtu atokako. Usiyavae ya kuigiza ili upigwe picha. Wasami wamelilalamikia jambo hilo miaka mingi, na wana haki.

Nimebakiza msitu, ambao ndio zawadi kubwa zaidi wanayompa mgeni. Ufini kuna haki ya kila mtu: msitu hata ukiwa mali ya mtu binafsi, wewe unaweza kupita kwa miguu, kupumzika, na kuchuma matunda na uyoga wa porini bila kuomba ruhusa wala kulipa, uwe raia au mgeni aliyeshuka ndege jana. Mwezi wa Agosti ardhi hujaa mustikka, matunda madogo ya buluu yanayopaka ulimi rangi. Haki hiyo ina masharti, nayo mnaweza kuyakisia wenyewe sasa. Usikaribie nyumba ya mtu na uwanja wake. Usikate mti wala kuvunja matawi mabichi. Usisumbue ndege aliyeatamia. Usiwashe moto bila idhini ya mwenye ardhi. Takataka zako rudi nazo, na chupa tupu zipeleke dukani, kuna mashine inayozipokea na kukurudishia senti kadhaa kwa kila moja.

Matunda ya buluu chumeni hata wenyewe. Uyoga msiuguse mpaka muwe na mtu mzima anayeujua mmoja mmoja, kwa sababu uko mmoja mweupe, mzuri sana kwa macho, unaoua.